Bakshishi ya Mama Mkwe

Mwanamume akija kwenu mara ya kwanza, kuna makosa ya kusamehewa. Anaweza kukalia kiti cha mjomba. Anaweza kusahau kuvua kofia wakati wa maombi. Anaweza hata kumaliza nyama kabla ya wazee, watu wakacheka na kusema kijana ana afya. Lakini Maxwell Odero, mwanamume niliyempenda kuliko usingizi wa Jumapili asubuhi, alimpa mama yangu bakshishi.

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Maxwell huuza vinywaji kwenye meli za watalii, zile kubwa zenye baa nyingi kuliko mtaa wetu mzima, na mtaa wetu hauna upungufu wa baa. Hukaa baharini miezi tisa, hurudi nyumbani miwili. Nilimjua alipomleta dada yake Awiti kusukwa kwenye kibanda changu pale Kenyatta Market. Wanaume wengine wakileta dada zao huenda kula nyama choma, hurudi jioni wakinuka moshi. Yeye aliketi. Baadaye akatoka, akarudi na chai ya watu wote. Wiki iliyofuata alikuja peke yake na kikombe kimoja, bila sukari, tangawizi nyingi, vile ninavyopenda mimi. Kuna wanawake hutekwa na gari. Mimi nilitekwa na tangawizi.

"Ulijuaje?" nilimuuliza.

"Ulisema siku ile, ukiambia Awiti akae vizuri. Mimi ni mtu wa baa, Kavu. Nikisahau vitu watu wanakunywa, nakufa njaa." Kavutha ndilo jina langu; yeye hulikata.

Ndiye aliyenifundisha jinsi watu wanavyopata kinywaji haraka huko kwao majini. Nilikuwa nasuka kichwa cha mtu, yeye anaongea nyuma yangu.

"Meli iko na watu elfu tatu, na wote wanaskia kiu wakati moja, shoo ikiisha. Mwenye anapunga mkono, hatumuoni. Mwenye anapiga mluzi, huyo ndiyo hatumuoni kabisa. Lakini kuna mzee mmoja anakuja siku ya kwanza, kabla baa ijae. Anakuuliza jina. Anakusalimia na mkono, na ndani ya huo mkono kuna noti imekunjwa. Hakuna mtu ameona. Kesho yake akitokea tu kwa mlango, glasi yake iko tayari."

"Si hiyo ni hongo?"

"Hongo unatoa ndiyo upate kitu si yako. Hii ni ya kumwambia mtu nimekuona. Wewe hujui kusimama nyuma ya kaunta siku mzima, watu wanaongea na glasi, hawaongei na wewe."

Nililipenda sana jawabu hilo. Na Maxwell aliishi nayo. Kila mahali tulipokula alimsalimia mtu wa kisu, mkata nyama, kwa mkono, kwa jina, na nyama yetu ikaja mapema, wenye haraka wakibaki wakigonga meza. Nilijivuna. Nilijiona nimeokota embe chini ya mti wa wenyewe.

Sasa ile Jumapili. Mama yangu, Kanini, anaishi Kawangware katika chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, kwa hiyo mjomba Masila alisema mgeni apokelewe kwake Muthangari, kwenye makochi. Mjomba ni mtu wa ofisi ya serikali na mkewe, Ndunge, ni mtu wa kuhakikisha unajua. Ndunge aliketi sebuleni na gauni la zambarau na mkufu. Mama alikaa jikoni.

Hakufukuzwa huko. Kwetu Ukambani kuna heshima tunayoiita nthoni. Mama mzaa binti na mwanamume anayemtaka binti huyo hawazoeani, hawatazamani machoni, na wazee wa zamani hata mkono hawakupeana. Vijana wa Nairobi tumeilegeza. Mama yangu hajailegeza hata kidogo. Aliniambia, "Mimi nitapika. Nikitosheka na sauti yake, inatosha."

Kosa langu ni kwamba sikumwambia Maxwell. Nilidhani nitamwambia njiani, kisha njiani tukawa tunacheka.

Msichana wa kazi wa Ndunge alikuwa amepewa ruhusa siku hiyo. Chai ikapoa jikoni, Ndunge hainuki kwa sababu ya gauni, na mimi nilikuwa nimekatazwa kuinuka kwa sababu ndimi niliyekuja kuangaliwa. Mwishowe Mama akatoka mwenyewe na trei, ameinamisha kichwa, leso kiunoni. Akamimina. Akamwekea kila mtu. Hakumwangalia Maxwell.

Maxwell akasimama. Nikaona mkono wake unakwenda, nikataka kupiga kelele, nikachelewa. Akamshika Mama mkono, akatabasamu tabasamu lake lote.

"Asante sana, auntie. Chai yako ni tamu kushinda ya hoteli."

Vidole vya Mama vikafunga. Akasema, kwa Kizungu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mtoto, "Thank you, sir."

Kisha akasimama pale kana kwamba amejisikia akiongea. Ndunge, aliyeona noti, akacheka mpaka mkufu ukalia. "Maxwell, huyo ndiye mama ya Kavutha!"

Sitaeleza uso wa Maxwell. Mjaluo na mama mkwe, anayejua anajua. Kwao nako mama mkwe si mtu wa kuchezewa.

Mjomba alikuwa na pingamizi zake tayari: mtu wa kumimina pombe, mtu wa mbali, kanisa litasema nini. Hizo zilikuwa za kuzungumzika. Mjomba ukimbembeleza vizuri hulegea. Lakini nilipomfuata Mama jikoni, alikuwa anaosha kikombe kimoja tu, anakirudia.

"Huyo hapana," alisema.

"Mama, hakujua—"

"Nimesema hapana, Kavutha."

Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama ndiye aliyenilea kwa kufua na kupika katika nyumba za watu, nyingine huko huko Muthangari, hatua chache kutoka kwa kaka yake ambaye hakuwa akipita kumsalimia. Siwezi kuolewa juu ya hapana ya mtu huyo. Na Maxwell alikuwa anaondoka Jumatano kurudi melini. Mwanamume akibeba hapana mpaka baharini, miezi tisa ni mingi, na dunia imejaa wanawake wanaosema ndiyo.

Jumatatu alinikuta kibandani. Hakukuwa na wateja. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na mimi nilipokiona, hasira ikanipanda badala ya kushuka.

"Sitaki chai."

"Kavu, nilikosea. Manze sijalala. Niambie kitu naeza fanya. Nimtumie mamako nini? Naeza nunua cooker. Naeza—"

"Umeona? Umeona venye unaanza?"

"Naanza aje?"

"Kununua! Kuleta! Maxwell, nikuulize, na usinijibu kama mtu wa baa. Wale watu wa meli, unakumbuka vitu wanakunywa?"

"Ndiyo. Ni kazi."

"Na watoto wao wanaitwa nani?"

"Wengine nawajua."

"Na wakiingia unawachekea vile unanichekea?"

Jirani yangu wa kibanda cha pili alizima redio yake ili asikie vizuri. Hapo sokoni siri huwa haina kuta.

"Basi mimi niko cabin gani kwa meli yako?" nikamuuliza. "Unanipenda ama unanihudumia?"

Aliweka kile kikombe kwenye rafu, kati ya makopo ya mafuta ya nywele, taratibu kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika. Alipogeuka hakuwa anatabasamu, na nikagundua sikuwa nimewahi kuuona uso huo bila tabasamu. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyechoka.

"Na wewe nikuulize. Tangu tujuane, umewahi kuniuliza kama nimechoka?"

Nilitafuta jibu. Nilijua lipo mahali. Nilikumbuka chai, nyama, mwavuli alionifungulia pale kituoni. Nikakumbuka vitu vingi sana, na vyote vilikuwa vinatoka kwake kuja kwangu.

"Hapana," nikasema.

"Sikulaumu. Mimi ndiye sikuachi nafasi. Mtu akikaribia kuniuliza kitu, namuuliza yeye kwanza. Niko hivyo. Lakini usiseme sikupendi, Kavu. Hiyo usiseme."

Nilifunga kibanda. Nilimwambia twende kwa Mama, sasa, na akasema twende.

Tulitembea kando ya Ngong Road bila kushikana mikono. Karibu na Adams Arcade akasimama, akaangalia maduka vile mtu wa kiu anavyoangalia mfereji.

"Wacha nichukue tu sukari na unga. Na mkate."

"Hapana."

"Kavutha, siwezi ingia kwa mama yako mikono mitupu! Kwetu hata kwa mwizi huwezi ingia mikono mitupu."

"Leo utaingia nayo mitupu."

"Sasa nitafanya nayo nini?"

Aliuliza kwa dhati, akiitazama mikono yenyewe. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikachagua kutembea. Akanifuata. Kuanzia hapo aliitia mifukoni, akaitoa, akaitia tena, hadi Kawangware.

Mama alikuwa nyuma ya pazia akikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula chetu cha siku zote. Niliingia kwanza. Nikamwambia Maxwell yuko mlangoni.

Aliendelea kukoroga. "Amebeba nini?"

"Hajabeba kitu."

Akageuka kunitazama, akitafuta uongo. Hakuupata.

"Akae hapo kwa kiti. Mimi nitakaa hapa. Tutaongea hivi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Maxwell kwenye kiti cha mbao, mimi nimesimama karibu na mlango, na Mama upande wa pili wa pazia la maua mekundu. Sauti ya mwiko ikaendelea.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kuomba msamaha. Ile siku—"

Alikuwa ameyatunga maneno yake vizuri, yalitiririka, na tabasamu lilikuwa mahali pake. Lakini nilimwona akiinamisha shingo huku na huku. Alikuwa anatafuta uso. Kazi yake yote ni uso wa mtu: anajua huyu ana haraka, huyu ameachwa, huyu anataka kuongea. Hapa alikuwa na maua mekundu tu. Maneno yakapungua, yakapungua, yakaisha.

"Umemaliza?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Wakati ulinipatia hiyo pesa, uliona nini?"

Alifikiri. "Niliona mtu anahudumia watu, na hakuna mwenye anamuangalia."

Mwiko ukasimama.

"Hiyo ni kweli," Mama akasema. "Hiyo pesa nimeitenga ya sadaka. Sikutaka kukaa nayo, na siwezi tupa, pesa ni pesa. Sasa nikuambie kitu nilikasirikia, kijana. Si ati uliniona mfanyakazi. Mimi ni mfanyakazi. Huyo Kavutha amesomeshwa na nguo za watu. Nilikasirika kwa sababu mkono yangu ilifunga. Kabla nifikirie, ikafunga. Na mdomo ikasema thank you, sir. Nilipoacha kazi ya nyumba za watu niliapa sitaita mtu sir tena. Nimekaa miaka. Halafu siku ya msichana wangu, mbele ya Ndunge, ikatoka yenyewe."

Nilikuwa nimedhani najua hasira ya mama yangu. Nilikuwa nimeiona kama ya mtu aliyedharauliwa, kumbe ilikuwa ya mtu aliyekutana na mwenyewe bila kutarajia.

Maxwell alikuwa ameinama, viwiko magotini.

"Hata yangu hutoka," alisema polepole. "Nikiwa nyumbani, nimelala, Awiti akiniita, nasema yes, ma'am. Anacheka. Anadhani namchezea."

"Huwa unamchezea?"

"Hapana, Mama."

Nje mtu alikuwa anaburuta jerikeni. Nilisikia Mama akivuta stuli karibu na pazia.

"Sawa. Hiyo nimeelewa, imeisha. Lakini si hiyo pekee ilinifanya nikatae. Jana hukuogopa."

"Sijaelewa."

"Baba ya huyu alikuja kwetu Mwala, akaulizwa jina na babangu, akasahau. Jina yake mwenyewe! Ndugu zangu walicheka wiki mzima. Mimi nikajua huyu ananitaka. Wewe ulikuja ukafurahisha kila mtu. Masila ulijua anataka sukari ngapi. Ndunge ukasifu viatu. Nilikuwa nasikia huko jikoni. Nikajiuliza, huyu anataka msichana wangu, ama anataka tu sisi wote tufurahi tuende?"

Lilikuwa swali langu lenyewe, limetoka kwenye kinywa kingine, bila hasira. Maxwell aliinua macho akanitazama mimi, halafu akayarudisha kwenye pazia.

"Namtaka, Mama."

"Nikisema hapana leo?"

"Nitaenda kazi. Nikirudi nitakuja tena."

"Nikisema hapana tena hiyo siku?"

Alifungua kinywa. Nilijua majibu aliyokuwa nayo, nayajua yote, ni matamu: nitakuja tena na tena, mapenzi hayachoki, utanizoea, Mama. Niliyasubiri. Nilijua pia kwamba akiyatoa nitakuwa nimemaliza naye, na Jumatano aende salama.

"Sijui," akasema.

Aliifungua mikono magotini, mitupu.

"Sijui, Mama. Kule kazini nikikosea kinywaji, namwaga, natengeneza ingine, na mteja anasahau. Hii ukikataa sijui nitatengeneza aje. Sina kitu ya kuleta. Sijui hata niseme nini ndiyo ukubali." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Naogopa. Hata jana nilikuwa naogopa. Nikiogopa ndiyo nacheka zaidi."

Nilitaka kwenda kumshika. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote za chai na miavuli, na hakuwa amenipa kitu chochote. Sikwenda. Hilo halikuwa langu kulimaliza.

Nyuma ya pazia kifuniko cha sufuria kiligonga, kikatulia.

"Kavutha."

"Mama."

"Mpakulie."

Wasiojua watasema ni chakula tu. Lakini mama yangu hamwambii binti yake ampakulie mwanamume asiyemtaka, humwambia amsindikize. Niliingia nyuma ya pazia. Mama hakunitazama, alikuwa ameshika ncha ya leso na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu wa moshi. Nilichota muthokoi, nikajaza sahani.

Nilipotoka nayo, Maxwell alikuwa ameanza kuinuka. "Lete nikusaidie—"

"Nimesikia kiti," Mama akasema.

Akaketi.

Nilimletea maji, nikamnawisha. Nikamwekea sahani magotini na kijiko mkononi. Sikuwa nimewahi kumpa mtu huyu kitu, na sikuwa najua kama anapenda chumvi.

"Umechoka?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Sana," akasema.

Alianza kula. Mwanzo alikula kama yuko kazini, kijiko kimoja na macho mlangoni, kuangalia nani anahitaji nini. Hakukuwa na mtu wa kuhitaji kitu. Macho yakarudi kwenye sahani. Mabega yakashuka. Akala kimya, kichwa chini, kama watu wanavyokula kwao, na mimi nikakaa sakafuni kando ya kiti chake nikimsikiliza.

Kijiko kilipoanza kukwaruza sahani, alijaribu kukizuia kisilie, kwa adabu. Mama alikuwa amekisikia.

"Muongeze," akasema kutoka nyuma ya pazia.